MJADALA: Jirani aliyejimegea ukingo wa msitu wa mjini, aachiwe au arudishe?

Mleta mada

Wakuu, kila penye msitu ndani ya mji na nyumba zimepakana nao, msitu hupungua bila mtu kusikia sauti ya msumeno. Hakuna kampuni iliyopewa kibali wala tingatinga. Ni jirani mmoja amesogeza ua wake hatua tatu. Wa pili kaona wa kwanza hakuulizwa, naye kasogeza nne. Wa tatu hana ua, ila anafyeka mpaka chini ya miti na ameweka benchi lake. Wa nne hajachukua kitu, yeye humwaga tu nyasi na matawi ya bustani yake nyuma ya nyumba. Baada ya miaka kumi ukiuliza mpaka uko wapi, kila mmoja anakuonyesha ua wake.

Msimamo wangu ni kwamba arudishe, hata kama alichukua kwa nia njema na hata kama amepapendezesha. Ardhi ile ni ya wote, na mmoja hawezi kuigeuza bustani kwa kuwa tu nyumba yake ndiyo iliyo karibu.

Najua jibu la kwanza litakuwa "mita chache tu". Basi tupige hesabu. Msitu wa hekta 10 wenye umbo la mraba una upande wa mita 316 hivi. Majirani wa pande zote wakila mita 10 kila mmoja, kinachoondoka ni zaidi ya hekta 1.2, yaani asilimia 12. Msitu wa hekta 2 ukiliwa mita hizohizo 10, zaidi ya robo yake imekwenda. Na misitu ya mijini ni nadra kuwa mraba. Mingi ni mikanda iliyosalia kandokando ya mito na makorongo, mahali ambapo wajenzi hawakupataka. Ukanda wenye upana wa mita 50 ukimegwa mita 10 huku na mita 10 kule, unabaki na 30. Asilimia 40 imetoweka, na hakuna hata mmoja aliyechukua zaidi ya mita 10.

Hasara yenyewe haiishii kwenye ua. Ukingoni mwa msitu jua hupenya, upepo huvuma na udongo hukauka. Miche ya miti iliyozoea kivuli na unyevu haistahimili hapo, na nafasi yake huchukuliwa na vichaka vipendavyo jua. Ukingo ukisogea ndani, hali hiyo nayo inasogea pamoja nao. Msitu mdogo unaweza kubaki na miti mirefu inayopendeza ukiitazama barabarani, kumbe chini hakuna mche hata mmoja wa kurithi nafasi ya mzee atakapoanguka. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halionekani mpaka wakati wa kulirekebisha umepita.

Lile lundo la nyasi za bustani nalo linafunika miche, linarutubisha udongo kwa namna inayofaa magugu, na ndani yake mna mbegu na vipande vya mizizi. Lantana, kichaka kinachosumbua misitu na malisho katika mabara kadhaa leo, kilitoka Amerika ya tropiki na kusambazwa duniani kama ua la kupamba bustani.

Karibuni. Wanaopinga nawaomba waje na hoja zao zote.

Mchangiaji wa 1

Naunga mkono hoja. Nyongeza yangu ni ndogo: tusiite "kusogeza ua", tuite kuvamia. Maneno laini ndiyo yanayowapa watu ujasiri.

Mchangiaji wa 2

Mimi ni mmoja wa hao majirani, na nitasema wazi. Nyuma ya nyumba yangu kuna msitu, na nimefyeka ukanda wa mita sita hivi. Nina banda la vifaa pale na miti mitatu ya matunda. Kabla sijafyeka, vichaka vilifika dirishani. Watu walitupa taka usiku, na mara mbili moto wa nyasi kavu ulianzia palepale. Tawi kubwa liliwahi kuangukia paa. Niliandika barua kwa wenye mamlaka, sikujibiwa. Nikapanga kufyeka mwenyewe, nikaokota taka mwenyewe, na leo mtoto wangu anaweza kucheza nje.

Sasa mleta mada, wewe unaona mita zangu sita, lakini misitu ya mijini haikuuawa na watu kama mimi. Chukua Karura, Nairobi. Miaka ya 1990 ardhi ya msitu ule ilikuwa imegawiwa wajenzi wenye majina mazito. Hayati Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti pale Januari 1999, walishambuliwa na walinzi na yeye akapasuliwa kichwa. Huo ndio uvamizi. Hapakuwa na mtu wa banda la vifaa pale. Mkianza na mwenye mita sita mtamaliza na mwenye mita sita, kwa sababu ndiye rahisi kumfikia.

Mchangiaji wa 3

Nimefanya kazi ya upimaji ardhi kwa miaka mingi, naomba niingie hapa kati.

Ndugu mchangiaji wa 2 ana haki kwenye jambo moja. Sehemu kubwa ya migogoro hii huanza kwa sababu bikoni, yaani alama za mpaka zinazowekwa na wapima ardhi, hazionekani. Zimefukiwa, zimeng'olewa, au msitu ulichorwa kwenye ramani na hakuna aliyekwenda kuuwekea alama. Mtu ananunua nyumba, anakuta ua umeshasimama, anaamini ni wake. Huwezi kumwita mwizi.

Lakini kunyamaza kuna gharama ya kisheria ambayo watu wa kawaida hawaijui. Nchi nyingi zenye sheria za asili ya Uingereza zinamruhusu mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine waziwazi, bila ruhusa na bila kupingwa kwa miaka kadhaa, kudai iwe yake. Kenya muda huo ni miaka 12, ingawa ardhi ya serikali haichukuliki kwa njia hiyo. Uingereza nayo ilikuwa 12, mpaka sheria ya mwaka 2002 ilipoweka utaratibu mwingine kwa ardhi iliyosajiliwa: mdai anaomba baada ya miaka 10, mwenye ardhi anaarifiwa na anaweza kupinga. Kwa hiyo msitu ukiwa mali ya chama, taasisi au mtu binafsi, kila mwaka wa kimya unamjengea jirani kesi. Barua moja ya maandishi inayosema "unatumia eneo letu kwa ruhusa yetu na tunaweza kuiondoa" inabadilisha mambo, maana aliyepewa ruhusa hawezi kudai alikaa bila ruhusa. Haigharimu kitu. Wenye misitu wengi hawaiandiki.

Mchangiaji wa 4

Suluhisho ni uzio. Karura hiyohiyo leo ina uzio wa umeme na watu wanatembea kwa amani. Mbona tunazunguka?

Mleta mada

Asanteni. Nianze na ndugu mchangiaji wa 2, maana amesema ukweli wake bila kujificha.

Moto, taka na tawi lililoanguka ni mambo ya kweli, na barua yako ilistahili majibu. Lakini tazama ulichokifanya: kuondoa hatari ya moto kunahitaji kufyeka nyasi kavu, hakuhitaji banda. Miti ya matunda haizuii mtu kutupa taka. Ulianza na usalama, ukaishia na umiliki, na hapo katikati ndipo mimi na wewe tunapoachana.

Kuhusu wakubwa, nakubali kwamba wao wamemeza hekta kwa mkupuo. Ila angalia Epping, msitu wa pembeni mwa London. Waliouzungushia ua kipande kwa kipande walikuwa mabwana wenye mashamba, na mwaka 1874 mahakama ikaamua kwamba maeneo yaliyofungwa tangu 1851 yalifungwa kinyume cha haki. Miaka minne baadaye, 1878, ikapitishwa sheria ya kuulinda msitu wote. Kilichowashinda wakubwa ni kanuni moja, kwamba hakuna wa kujifungia kisicho chake. Tukimsamehe mwenye mita sita kwa sababu ni mdogo, tutakuwa tumeitoboa kanuni hiyo kabla ya kumfikia mkubwa.

Mchangiaji wa 4, uzio una kazi yake pale uhalifu umezidi, siukatai. Tatizo ni kwamba kwenye nyumba zilizopakana na msitu, uzio huishia kutobolewa vilango vya nyuma, na kila kilango ni mlango binafsi wa kuingilia mali ya wote na kumwagia takataka. Wanyama wadogo nao wanakatiwa njia. Mimi naamini zaidi katika njia ya miguu inayopita ukingoni kabisa, kati ya nyumba na miti, watu wakitembea asubuhi na jioni. Nyumba ikiupa msitu mgongo, msitu unakuwa uani kwake. Ikiutazama kwa mbele, na njia ikapita katikati, hakuna anayethubutu kuweka banda ng'ambo ya njia mbele ya macho ya watu. Makazi mapya yapangwe hivyo tangu kwenye ramani. Ya zamani ni magumu, nakiri.

Na maneno ya mpima ardhi yamenifanya nirekebishe hoja yangu. Nilisema "arudishe" kana kwamba kila mtu anajua alichochukua. Bikoni zifufuliwe kwanza, kila jirani apelekwe aonyeshwe mstari kwa miguu yake, na apewe msimu mmoja wa kuondoa vitu vyake mwenyewe. Asibomolewe ghafla. Anayefyeka kwa ajili ya moto apewe ruhusa ya maandishi, yenye upana na mwezi wake. Na wenye kusimamia msitu wawajibike kujibu barua, kwa sababu mtu asiyejibiwa hujijibu mwenyewe kwa panga. Lakini baada ya hapo, kilicho ndani ya mstari kirudi kuwa msitu, na aliyekifyeka apande miche ya asili ya hapohapo.

Mchangiaji wa 2

Hapo kwenye ruhusa ya kufyeka nimekuelewa, na njia ya miguu ningeipenda, ingefukuza hao wanaotupa taka usiku. Banda bado linaniuma. Nitamtafuta mpima ardhi aje aonyeshe bikoni iko wapi, halafu nitarudi hapa kusema imeangukia upande gani.