Chemba ya moshi haivuti: nisafishe bomba kwa sabuni gani?

Bikari_Tupu: Wakuu, chemba ya moshi ya maabara yetu (kabati la kuvuta mvuke wa kemikali) imechoka. Nimepima mdomoni kwa animomita, kipima mwendo wa hewa: mita 0.2 kwa sekunde. Feni ya juu ya paa inazunguka. Ndani ya bomba kuna ukoko mweupe mgumu. Jumamosi nalifungua, nakwangua kwa brashi ya waya. Sabuni gani inafaa?

FundiFezi: Sabuni weka kando. Inatakiwa 0.4 hadi 0.6. Mota ilibadilishwa karibuni? Nyaya mbili za umeme wa fezi tatu zikipishana, feni ya sentrifugali (inayotupa hewa pembeni) huzunguka kinyume na bado inavuta, ila kwa unyonge. Tazama mshale kwenye ganda la feni.

Mama Titresheni: Na chupa mlizojaza humo ndani je? Mmegeuza chemba stoo, matundu ya nyuma yameziba. Halafu kazi ifanyike sentimita 15 ndani ya mdomo, siyo ukingoni!

Mizani4: Ukoko huo wa nini? Mlichemshia asidi gani?

Bikari_Tupu: Za kawaida tu. Nitriki.

Mizani4: Nitriki peke yake?

Bikari_Tupu: Na pekloriki, ya kuyeyushia udongo. Lakini ml 5 kwa sampuli, tena zamani. Na bolti nne za flanji, kiungio cha bomba, nishatoa, siwezi kuacha njiani.

Mizani4: ACHA HAPO HAPO. Mvuke wa pekloriki hupoa bombani, ukakauka kuwa pekloreti, chumvi inayolipuka. Ikikutana na gasketi au grisi ya beringi, msuguano wa spana tu unatosha kuilipua. Huenda ni amoniamu kloraidi isiyo na neno, ila kwa macho hutofautishi. Zima feni swichi kuu, piga kufuli, toa watu. Waliofunzwa huanza kwa kulowesha kwa maji mengi, kisha hupima maji ya suuza kwa rangi ya methilini bluu. Mashapo ya zambarau yakitokea, bado ipo. Bolti huja mwisho.

Kijiweni: Chai hii. Mwenye animomita asijue pekloriki? Swali la mtihani hilo, anatafutiwa majibu.

Bikari_Tupu: Animomita ya kuazima mkuu. Mota ilibadilishwa mwezi jana, na mshale nimeuona sasa hivi: feni inaenda kinyume kweli. Kwa hiyo nigeuze nyaya, bomba nimalizie tu?

FundiFezi: Sasa hivi? Uko juu ya paa?

Mizani4: Shuka. Spana iache huko huko.