Nimezuiwa getini ofisi ya serikali kisa gauni. Nilalamike au nivae dera yaishe?

Mama Pendo wa Kimara

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na wale wa "weka picha" naomba mpite kimyakimya.

Juzi nilikwenda ofisi moja ya umma, jina nalihifadhi kwa sababu faili langu bado liko humo. Nafuatilia kiwanja alichoacha marehemu baba. Nilivaa gauni la pamba la mikono mifupi, linafika chini kidogo ya goti. Ndilo ninalovaa kanisani, na mchungaji hajawahi kunikemea.

Getini mlinzi akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, akaninyooshea kidole kwenye bango la ukutani. Mnayajua yale mabango: picha za watu wamepigwa alama nyekundu ya X. Sketi fupi, suruali ya kubana, mgongo wazi, pensi, mlegezo, kandambili, nguo zenye maandishi. Nikamwuliza kwa upole, kaka, gauni langu ni picha ipi hapo? Akanijibu, "Dada usinifundishe kazi. Rudi kavae vizuri."

Hatua chache kutoka getini kuna mama anauza maji na karanga, pembeni ana beseni la kanga zilizokunjwa. Anakodisha. Buku moja, unaacha kitambulisho. Nikajifunga kanga juu ya gauni na kurudi getini, mlinzi yuleyule akaniambia "karibu mama". Kanga yenyewe imeandikwa *Mtasema mchana usiku mtalala*, herufi kubwa, tena upande wa nyuma kabisa. Bango linakataza nguo zenye maandishi, lakini hiyo ilipita.

Ndani, mbele yangu kwenye foleni, kijana kavaa jinzi iliyochanika magoti yote mawili. Hakuna aliyemsemesha.

Sasa wakuu: kuna sheria inayompa mlinzi mamlaka hayo? Na je, nilalamike wakati bado nawategemea? Mume wangu anasema vaa dera yaishe, anaogopa faili "litapotea". Mdogo wangu wa kike anataka nirudi na gauni lilelile, yeye anirekodi. Naombeni mawazo ya watu wazima.

Chuma cha Reli

Bila picha tutashauri vipi? Tunahitaji vipimo.

Mama Pendo wa Kimara

Nilijua tu.

Baba Ester

Pole dada, ila tusidanganyane. Ofisi ya umma si ufukweni. Mimi nina mabinti, na nafurahi ninapoona kuna mahali bado panasimamia heshima. Leo mnasema gauni la magotini, kesho anakuja mtu na taiti, keshokutwa na sidiria. Mlinzi akianza kupima kila mmoja lini watu watahudumiwa? Halafu hata wakubwa hawajasalimika. Juni 2021 Spika Ndugai alimtoa ukumbini mbunge wa Momba, Condester Sichwale, kwa sababu ya suruali tu. Mbunge mzima! Sisi wa foleni ni akina nani?

Afisa Masjala

Nimetumikia ofisi za umma muda mrefu, na haya mabango nimeyabandika kwa mikono yangu, kwa hiyo nisikilize vizuri Mama Pendo.

Mabango mengi yana mzizi kwenye Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007, unaohusu mavazi ya watumishi wa umma. Rudia kusoma hapo: ya watumishi. Unanihusu mimi niliyeko nyuma ya dirisha, hukuandikiwa wewe uliyeko mbele yake. Mimi nimeajiriwa, nina mwajiri, nina kanuni nilizozikubali. Nikija na pensi, bosi wangu ana njia za kuniadhibu. Wewe hujaajiriwa na mtu pale, umefuata haki yako.

Ilivyotokea ni hivi. Waraka ulipokuja, ofisi zikachora picha na kubandika mahali panapoonekana, yaani getini. Aliyeko getini ni mlinzi, na aghalabu analetwa na kampuni ya ulinzi, waraka wenyewe hajawahi kuusoma. Anachokiona ni bango na watu wanaopita, basi analitumia kwa yeyote anayepita. Miaka ikaenda, ikawa desturi, na hata baadhi ya wakuu wa ofisi wanaamini ndivyo sheria ilivyo.

Sheria ya nchi inayotaja urefu wa gauni la raia huku Bara hakuna. Kuna makosa ya kutenda mambo ya aibu hadharani, lakini gauni la kanisani haliingii humo hata ulivute namna gani. Na Katiba, Ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Mamlaka ikitaka kuingilia hayo inatakiwa ipite kwenye utaratibu wa sheria. Bango si sheria.

Baba Ester, mfano wako wa bungeni unakurudia mwenyewe. Bunge lina kanuni za mavazi zilizoandikwa. Siku ile mbunge mwenzake alisimama kulalamika, Spika akaamua, na yote yakatokea mbele ya kamera. Nchi nzima ikaiona ile suruali na kila mtu akatoa hukumu yake, wabunge wanawake wakamtetea mwenzao. Getini kwa Mama Pendo mlalamikaji, hakimu na polisi ni mtu mmoja.

Baba Ester

Kwa hiyo mtu aje hata na taulo?

Afisa Masjala

Mkuu, tangu nianze kazi sijaona mtu amekuja na taulo. Wanaorudishwa ni akina mama waliotoka mbali kwa daladala mbili. Ofisi inaweza kuweka utaratibu wa staha kwa wageni, sikatai. Lakini uandikwe, useme unamhusu nani, na ufanane kwa mwanamke na kwa yule kijana wa jinzi.

Mzee wa Gerezani

Vijana shikamooni kwa niaba ya wakubwa zenu, maana hamsalimii.

Haya mambo mnayaona mageni, sisi tumeyaishi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Ikaitwa Operesheni Vijana, utekelezaji uanze tarehe 1 Januari 1969. Lakini vijana hawakusubiri Januari. Oktoba hiyohiyo, Kariakoo, makundi yaliwavamia wasichana kwenye vituo vya mabasi, wakawavuta, wakawachania nguo, mpaka polisi wakaingilia. Mimi nilikuwa mwanafunzi, dada yangu alikuwa karani mjini. Mama alimshonea kitambaa cha ziada kwenye upindo wa kila sketi aliyokuwa nayo, rangi hazikulingana hata kidogo, akawa anatembea kama bendera. Magazeti yalijaa barua za wasomaji kwa miezi, mabishano kama haya yenu, ila wakati ule tulinunua stempu.

Na jambo la kuchekesha. Kipindi kilekile huko Arusha serikali ilikuwa inapambana na Wamasai waache lubega wavae suruali, na waliokaidi walikataliwa kupanda mabasi. Yaani Dar msichana anakosa kwa kuvaa kama Mzungu, Arusha Mmasai anakosa kwa kutovaa kama Mzungu. Leo lubega ileile iko kwenye kila tangazo la utalii.

Binti, ushauri wangu: faili kwanza. Kiwanja cha baba yako kina thamani kuliko kumshinda mlinzi.

Leso ya Likoni

Nawasoma kutoka Mombasa. Dada pole sana.

Huku kwetu mambo yalifika pabaya zaidi. Novemba 2014 ilisambaa video ya mwanamke akivuliwa nguo na wanaume kwenye steji ya matatu Nairobi, eti amevaa vibaya. Tarehe 17 wanawake wakaandamana kutoka Uhuru Park hadi katikati ya mji, wengine wamevaa mini makusudi, na walikuwako wanaume pembeni wakiwazomea. Desemba hiyo Bunge likaongeza kifungu cha kumwadhibu anayemvua mwenziwe nguo. Kisha kuna ile kesi ya Githurai, abiria aliyevuliwa nguo na kuporwa ndani ya basi. Mwaka 2017 mahakama iliwahukumu wanaume watatu kifo, kwa kuwa ulikuwa pia wizi wa kutumia nguvu.

Uganda nao Februari 2014 rais alitia saini sheria ya kupinga ponografia. Haikutaja sketi fupi, lakini watu walishaibatiza sheria ya mini, wanaume wakaanza kuvua wanawake nguo barabarani. Mwaka 2021 mahakama ya katiba ikavibatilisha vifungu vyake vikuu.

Sisemi mlinzi wako angefika huko. Nasema mtu wa steji huwa anasikiliza ofisi inasema nini. Ofisi ikimwambia kila mpita njia ana haki ya kumkagua mwanamke, anabeba ruhusa hiyo hadi stejini. Kwa hiyo mimi nasema lalamika, lakini kwa kalamu, si kwa kurekodi. Video itageuka kesi ya mapaja yako.

Binti Makunduchi

Mwenzangu, mimi ni wa buibui tangu nibaleghe, na huku Unguja stara ndiyo desturi yetu. Watalii wanaambiwa mapema wakiwa hotelini wasiingie Mji Mkongwe na vichupi, na mwaka 2021 wizara ilitangaza faini. Naunga mkono, kwa sababu mtu anajua kabla hajatoka.

Kinachonikera ni kina Baba Ester kunifanya mimi fimbo ya kuwachapia wengine. "Mbona wenzenu wa Zanzibar wanavaa vizuri." Mimi sikuvaa buibui ili Mama Pendo arudishwe getini. Na mjue tu, hata buibui lina walinzi wake: "limekubana", "limeng'ara mno", "hilo la mpasuo". Umbea hauna urefu wa nguo unaoutosheleza.

Chuma cha Reli

Mimi nawaza biashara ya yule mama wa kanga. Buku kwa kichwa, mtaji beseni moja. Nani ana uhakika hagawani na mlinzi?

Mama Pendo wa Kimara

Chuma, kwa mara ya kwanza umesema la maana. Nilimwona mlinzi anamnywea maji bila kulipa.

Afisa Masjala, nikitaka kuandika, naandika kwa nani na niseme nini? Na hofu ya faili je?

Afisa Masjala

Hofu yako ni ya haki, nisijifanye siijui. Fanya kwa mpangilio huu.

Ukirudi kwa ajili ya kiwanja, vaa litakalokupitisha. Hujashindwa, umeenda kuchukua chako. Hakikisha unapewa stakabadhi au namba ya kumbukumbu ya faili, na dirishani omba jina la afisa anayelishughulikia. Faili lenye namba mikononi mwa mwenyewe ni gumu kupotea.

Likishavuka hatua, andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa taasisi. Taja tarehe, saa, geti gani. Jina la mlinzi usiliweke, andika kituo na zamu. Usihubiri haki za wanawake humo ndani, hata kama una haki ya kuhubiri. Uliza mambo mawili: mwongozo gani unatumika kwa wananchi wanaofuata huduma, na kwa nini haujabandikwa maandishi yake. Taja Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa ofisi hiyo, nyingi wanao ukutani kwenye fremu, na humo wameahidi wenyewe kumhudumia mteja kwa heshima. Peleka nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila muhuri hujaandika kitu.

Wakinyamaza, kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Inapokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, hulipi. Hapo ile nakala yenye muhuri ndiyo tiketi yako.

Baba Ester

Sawa, hilo la maandishi nakubali. Ila msimfukuzishe mlinzi kazi, yule naye ana watoto na mshahara wenyewe mnaujua.

Mama Pendo wa Kimara

Mrejesho wakuu. Nimekwenda na kitenge kirefu, faili limesainiwa na limehamia hatua ya pili, namba ninayo. Wakati natoka nikapitia masjala kuacha barua. Dada wa mapokezi akaisoma yote mbele yangu, akanyanyuka akafunga mlango, akaniambia hata wao wafanyakazi wa kike wanakaguliwa getini kila asubuhi na mlinzi huyohuyo na hawajui waseme na nani. Akaigonga muhuri. Kumhusu mlinzi sijaandika lolote baya, Baba Ester ulale salama.

Afisa Masjala

Safi. Ipige picha ile nakala, wino wa mihuri yetu unafifia haraka.

Chuma cha Reli

Na sisi wenye rasta tunaosukumwa pembeni kwenye mageti hayohayo, waraka unasemaje?

Afisa Masjala

Fungua uzi wako mkuu. Na weka picha.