Nikizama nasikia boti iko utosini, nikiibuka iko mbali. Ni masikio yangu?

Mtoto wa Kunduchi
Wakuu, Jumapili tulivuka kwenda Mbudya. Nimezama kama mita tatu, nikasikia injini ikinguruma utosini kabisa. Nikang'ang'ania jiwe, moyo unadunda, nasubiri ipite nisije nikakatwa na propela. Pumzi ikaisha, nikachomoka. Boti yenyewe iko kuleee, saizi ya kiberiti! Halafu wenzangu wanasema walikuwa wananiita kwa nguvu zote, na walikuwa mita tano tu. Sikusikia neno.

Fundi wa Feri
Masikio mazima hayo. Hewani sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, baharini ni 1,500 na ushee. Ubongo hujua upande kwa kupima sikio lipi limetangulia kusikia, na majini tofauti hiyo inapungua zaidi ya mara 4. Ndiyo maana unasikia kila kitu kichwani. Kelele za wenzako ziligonga uso wa maji zikarudi juu. Kinachopenya ni kama sehemu 1 kwa 1,000. Siku nyingine wagonge ubavu wa boti kwa jiwe.

Mtoto wa Kunduchi
Sawa, lakini mbona sauti ya injini haifi njiani?

Fundi wa Feri
Inakufa, ila nyembamba hufa mapema. Kwanza sauti inatawanyika, halafu maji yenyewe yanaila, hasa chumvi ya magnesi iliyomo baharini. Mimi nafunga vile vioo vya kutafutia samaki, vinavyotuma sauti chini na kuchora mwangwi unaorudi. Ukiweka kilohezi 200 (kadiri namba inavyopanda, sauti inazidi kuwa nyembamba), picha safi, lakini kwenye kina kirefu kioo kinabaki kitupu. Weka 50, unaona chini kabisa, japo picha ina ukungu. Sasa mngurumo wa injini uko chini mno ya hapo, chumvi haiugusi sana. Matope na povu ndivyo vinavyoumeza.

Babu Ngalawa
Enzi za wavuvi wa baruti, laana yao, nilikuwa naisikia mara mbili. Kwanza nikiwa chini, puu! kifuani. Naibuka, nafuta uso, ndipo inakuja tena kwa njia ya hewa.

Mtoto wa Kunduchi
Shikamoo babu. Kumbe pumzi nilijimalizia bure!

Babu Ngalawa
Marahaba. Si bure, mjukuu wangu. Siku ikiwa kweli utosini utaisikia vilevile. Funga dumu la njano lielee juu yako, nahodha akuone.

Mtoto wa Kunduchi
Dumu ninalo, kamba ndiyo sina.