Siku ya ukili imeangukia bamvu

*Kikundi cha mtaa, Jambiani, Unguja. Ijumaa usiku.*

Katibu, 20:12
Assalaam alaykum jamaa. Taarifa ya kikao cha leo. Siku yetu ya ukili, ya kusuka na kuuza vitu vyetu, itakuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hoteli inatupa mahema 6 na jenereta, bure. Meza zilizoombwa mpaka leo 41. Mafundi kofia wanatoka mjini, wa mikoba wanatoka Makunduchi, na kina mama wa Pemba wanakuja na misala ya kuswalia.

Mama wa Genge, 20:14
Waalaykum salaam. 41! Mwaka wa kwanza si tulikuwa wanawake tisa, mikeka miwili chini ya mkungu na sufuria la uji

Shangazi, 20:14
Na mkeka mmoja wangu. Mtu kautoboa kwa sigara, mpaka leo hajajitokeza

Mama wa Genge, 20:15
Tunamjua 😂

Mweka Hazina, 20:19
Kabla hatujafika mbali. Mwaka jana tulipolipa spika, maji, mchele na gari la kuchukua meza, tulibaki na 37,500. Zimo kwenye kopo la maziwa kwangu, atakaye aje ahesabu. Hakuna aliyechukua posho, hata nauli. Mwaka huu watu ni mara mbili na kamati ni wale wale saba.

Fundi Kofia, 20:21
Sita. Mimi mwaka jana nilikaa langoni nakata tiketi kutwa. Kofia niliyoanza Ramadhani sikuitia hata kiua kimoja siku ile. Watu wanaulizia fundi, na fundi yuko langoni anatafuta chenji

Ami, 20:26
Katibu, hiyo Jumamosi mwezi ngapi?

Katibu, 20:26
Tarehe 28 ami

Ami, 20:27
Siulizi kalenda ya ukutani. Mwezi wa juu.

Katibu, 20:33
Nimehesabu, itakuwa mwezi 15

Ami, 20:33
Bamvu. Maji yanajaa sana na yanatoka mbali.

Shangazi, 20:34
Haaa! Bamvu sie sote tuko mwanini! Maji yakitoka asubuhi tunashuka, tunarudi mchana tumelowa mpaka kichwani. Nani atakaa hemani asuke?

Mama wa Genge, 20:35
Na makumbi ya kamba je? Yangu yamezikwa pwani tangu kabla ya masika na nimepanga kuyafukua bamvu hiyo hiyo. Maji mafu bahari haitoki mbali, hata shimo silioni

Katibu, 20:37
Jamani mimi sikuchagua kwa ubaya. Hoteli imesema Jumamosi ile vyumba vimejaa, wageni watakuwepo wengi. Ndiyo maana wanatoa mahema.

Shangazi, 20:38
Wageni watakuja kutazama nini sasa. Meza?

Ami, 20:41
Miaka mitatu yote tulifanya maji mafu na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wakati ule aliyepanga siku alikuwa Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa anatazama mwezi. Sasa siku inapangwa na kompyuta ya mapokezi.

Katibu, 20:42
Ami nimeelewa. Usinichape mbele ya watu

Mpwa Maryland, 20:58
Shikamooni wakubwa. Huku ni mchana, niko kazini nasoma kwa kuibia. Hapa Maryland kuna tamasha la kondoo na sufu, lipo toka miaka ya 1970. Linaendeshwa na watu wa kujitolea wa chama cha wafuga kondoo, kila mwaka wikiendi kamili ya kwanza ya Mei. Nilikwenda na watoto. Watu kama wa sikukuu ya Mwaka Kogwa ukizidisha, magari yamepanga foleni barabarani.

Shangazi, 21:00
Marahaba baba. Na wao wanauza nini, kondoo?

Mpwa Maryland, 21:02
Kondoo, sufu, nyuzi, vyombo vya kusokotea. Ila kilichonishika ni mashindano. Kondoo anakatwa manyoya palepale mbele yenu. Wasokotaji wanayasokota yawe uzi, mfumaji anaupokea anafuma shali, saa zinahesabiwa. Baadaye shali zinapigwa mnada. Nikasema hili tungelifanya nyumbani! Toka ukindu mpaka msala, timu kwa timu.

Fundi Kofia, 21:03
Hilo nalipenda

Mama wa Genge, 21:03
Muulizeni Bi Mkubwa kwanza

Mjukuu wa Bi Mkubwa, 21:20
Bibi kasikiliza yote, nimemsomea. Katuma sauti ya dakika nne lakini upepo mwingi, nawaandikia alivyosema:

"Mwambieni mjukuu wangu wa Marekani kondoo ana bahati, manyoya yake yako tayari mgongoni. Ukindu unaukata mchanga, kuti halijafunguka. Unauanika siku kadhaa mpaka uwe mweupe. Unauchana, unautia rangi jikoni, unauanika tena. Ndio usuke. Mkeka wa kulalia watu wawili, ukili, ule ukanda uliosukwa, ukiwa na upana wa vidole vitatu, unakula pima ishirini na kitu. Hapo hujashika sindano kuushona. Mchana mmoja? Labda kipepeo cha kupepea moto."

Mpwa Maryland, 21:21
😂 Nimeshindwa bibi. Shikamoo

Katibu, 21:23
Basi watoto wa skuli kila timu isuke pima moja kwa ukindu uliokwisha kukauka, halafu tuunganishe uwe mkeka mmoja wa mtaa

Mjukuu wa Bi Mkubwa, 21:25
Bibi anasema mikono ishirini ni ukili ishirini. Mmoja mpana, mmoja mwembamba, mmoja umelegea. Mkeka utapinda kama mashua iliyopanda mwamba. Wasuke, kila mtoto aende na wake nyumbani.

Mjukuu wa Bi Mkubwa, 21:26
Kuna jengine kasema, sijui niandike

Shangazi, 21:26
Andika

Mjukuu wa Bi Mkubwa, 21:29
Anasema: "Mwaka jana nilipakua pilau tangu saa tatu asubuhi. Saa tisa nikawa bombani naosha masahani. Akaja mama mmoja wa kizungu na kijana anayemfasiria, akauliza yuko wapi yule bibi anayesuka, wamemuona kwenye picha. Nikamwambia anaosha vyombo. Akasema haya atarudi baadaye. Hakujua ndiye mimi. Ukili wangu nilikuja nao kwenye mkoba na nilirudi nao kwenye mkoba, haukuongezeka hata shubiri."

Mama wa Genge, 21:31
😔

Mweka Hazina, 21:34
Hilo sikulijua, wallahi. Nilikuwepo pale pale nahesabu sahani.

Fundi Kofia, 21:35
Mie nalijua, na sikusema. Tulikuwa tunafurahia watu kujaa

*Jumamosi*

Katibu, 10:40
Assalaam alaykum. Nimetoka hotelini. Nimewaeleza mambo ya bamvu, meneja kanitazama kama namdanganya, mpaka mpishi wao wa hapa hapa kijijini akamwambia ni kweli. Jumamosi inayofuata, mwezi 22, wanaweza kutupa mahema 2 tu. Yaliyobaki yana harusi. Jenereta hakuna.

Ami, 10:44
Mwezi 22 maji mafu. Hapo sawa. Kivuli nitaleta tanga la ngalawa, la kaka pia lipo. Kabla ya mahema watu hawakuwa na vivuli?

Shangazi, 10:45
Mwezi 22 mie nipo kutwa. Na wenzangu wa mwanini nitawaleta wote, na kamba zetu

Mama wa Genge, 10:47
Makumbi yangu yatakuwa yameshafukuliwa, nitayaponda pale pale. Atakayeziba pua shauri yake. Mwaka jana waliziba pua na kamba walinunua

Mweka Hazina, 10:52
Spika bila jenereta tutavuta umeme msikitini au tunyamaze?

Fundi Kofia, 10:53
Tunyamaze. Mwaka jana mteja kaniuliza bei mara tatu nikawa namjibu kwa vidole

Mweka Hazina, 10:55
Vizuri, nimefuta mstari huo. Na chakula? Kina mama wasuke, nani anapika?

Mweka Hazina, 11:30
Nauliza tena. Nani anapika?

Katibu, 11:41
*Ujumbe huu umefutwa*

Shangazi, 11:41
Nimeuona kabla hujafuta. "Wanaume tunaweza kupika." Umeshasema

Katibu, 11:42
Nilikuwa nafikiri tu shangazi

Ami, 11:48
Nimepika baharini miaka thelathini, wali na samaki, hakuna aliyekufa. Katibu utakuna nazi. Na kuosha masahani wewe.

Mpwa Maryland, 12:05
Naomba picha ya katibu na mbuzi ya nazi 🙏

Mjukuu wa Bi Mkubwa, 12:20
Bibi anauliza nani anakwenda mjini wiki hii. Ukindu wake mweusi umekwisha, anataka na rangi nyekundu. Anasema msimletee ile ya mwaka jana, ilimganda mikononi siku tatu na mkeka wenyewe ukapauka.

Fundi Kofia, 12:22
Nakwenda Jumatatu. Mwambie anitumie kipande cha ukindu wa rangi anayoitaka, niende nacho dukani