Je, enzi za barafu zinathibitisha kwamba ongezeko la joto la sasa ni la kawaida?

Aliyefungua mjadala huu anadai kwamba, kwa kuwa dunia iliingia katika enzi za barafu na kutoka mara nyingi kabla binadamu hajajenga hata kiwanda kimoja, joto la leo halitokani nasi. Hoja yake naikubali. Hitimisho lake nalikataa.

Mabadiliko yale ya kale yalikuwa na chanzo. Milutin Milanković, mwanasayansi wa Serbia, alikokotoa jinsi umbo la njia ya dunia kulizunguka jua, mwinamo wa mhimili wake na kuyumba kwa mhimili huo vinavyobadilisha mwanga wa jua unaofika kaskazini wakati wa majira ya joto, kwa mizunguko ya takriban miaka 100,000, 41,000 na 23,000. Theluji ya huko isipoyeyuka yote, hurundikana mwaka baada ya mwaka hadi ikawa barafu nene ya kufunika nchi nzima.

Najua nitajibiwa kwamba, kwa ushahidi wa barafu ya Antaktika, joto lilianza kupanda kabla ya kaboni dioksaidi. Na tukubali kwamba huko lilitangulia. Mizunguko hiyo hugawa upya mwanga baina ya majira na maeneo, ila jumla ya mwanga ambao dunia nzima huupata kwa mwaka haibadiliki sana. Kwa hiyo peke yake haiwezi kueleza ongezeko la nyuzi tano hivi lililoimaliza enzi ya mwisho ya barafu. Jua lilianzisha, bahari zikapata joto na kuachilia kaboni dioksaidi, nayo gesi hiyo ikalizidisha joto na kulieneza duniani kote. Anayeitumia hoja hii kuitetea gesi hiyo, kwa maoni yangu, anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Mapovu ya hewa yaliyonaswa katika barafu hiyo yanaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kabla ya zama za viwanda, kaboni dioksaidi ilikuwa kati ya sehemu 180 na 300 hivi kwa kila milioni. Leo imepita 420. Mwanga wa majira ya joto kaskazini, kwa upande wake, umekuwa ukipungua kwa maelfu ya miaka, jambo ambalo lingepaswa kutuletea baridi polepole. Basi ndugu yangu anitajie ni mzunguko upi wa asili uliopandisha joto la dunia kwa zaidi ya nyuzi moja ndani ya miaka 150.