Pedali ya tremolo ya kujitengenezea inapiga "tik tik tik" hata gitaa likiwa kimya, msaada wakuu

solo_nkuhungu
Wakuu habari za leo. Napiga solo kwenye kwaya hapa Dodoma, kuna nyimbo tunaweka ilimba ya Kigogo (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) nikataka na gitaa litetemeke taratibu chini yake, yaani sauti ipande na kushuka, ndo tremolo yenyewe. Pedali ya dukani bei yake naomba tusiizungumzie, nikaamua niunde mwenyewe. Nimetumia IC ya 555 (ya kuhesabu muda) inawasha na kuzima LED nyekundu, LED inatazamana na LDR (rezista inayohisi mwanga), LDR inamwaga sauti kwenye ethi, basi. Spidi ni potenshomita ya 100k na kapasita ya 10µF. Kutetemeka inatetemeka kweli, ila kila LED ikiwaka spika inatoa tik, nikifunga volyumu ya gitaa tik iko palepale. Halafu nikiwasha pedali gitaa linafifia kama limefunikwa blanketi. Na juzi tumepiga nje kwenye mkutano wa injili saa nane mchana, ikagoma kabisa, sauti ndogo na haitetemeki, nimerudi nyumbani usiku iko poa! Boksi ni kopo la plastiki jeupe.

fundi_wa_majengo
Hahaha mkuu kopo jeupe na jua la Dodoma saa nane, hapo LDR inaona mchana kutwa, LED yako itaishindaje? LDR ikipata mwanga ukinzani wake unashuka, kwa hiyo sauti yako ilikuwa inamwagwa ethi muda wote. Hata ukumbini utapata shida, umeme wetu ni wa 50 Hz na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila LDR inadaka na inaweza kukuletea mvumo. Chukua mfuniko mweusi wa kalamu ukate kipande, LED iingie upande huu LDR upande ule, zungushia tepu nyeusi ya umeme mpaka ibaki miguu tu. Na hilo kopo tupa, tafuta boksi la chuma la kufungia soketi ukutani, duka lolote la vifaa vya umeme lipo, ukiliunga na ethi linakinga na kelele za hewani.

Tik ni hivi. 555 ya kawaida kila ikigeuka inavuta umeme kwa kishindo, na kama ethi ya 555 na ethi ya jeki za gitaa zinapita waya mmoja, kile kishindo kinaingia kwenye sauti. Tenganisha, 555 na LED wawe na waya wao, jeki na LDR waya wao, wakutane sehemu moja tu. Halafu kwenye laini ya + kabla ya kufika 555 weka rezista ya ohm 100, baada yake kapasita ya 100µF kwenda ethi, na 0.1µF karibu kabisa na pini 8 na 1. Waya wa LED usiulaze pamoja na waya wa gitaa.

kisasa_tone
Fundi yuko sahihi ila mi naona hiyo ni kufuta maji bomba liko wazi. Pini ya 3 inawasha LED ghafla na kuzima ghafla, sasa tik itaachaje kuwepo, na hata mtetemo wenyewe unakuwa wa kukatakata, kwenye wimbo wa taratibu haupendezi hata kidogo. Wewe chukua mawimbi pini ya 6 pale penye kapasita, kwa betri ya volti 9 pale volti inapanda mpaka 6 inashuka mpaka 3 polepole. Ila usiunge LED moja kwa moja itainyonya kapasita, pitisha kwenye transista mbili za BC547 kwa mtindo wa Darlington (emita ya kwanza inaingia besi ya pili), emita ya mwisho ndo iwashe LED kupitia rezista ya 1k. Utasikia tofauti.

Kufifia, hujaweka bafa, yaani saketi ya kupokea sauti bila kuielemea. Pickup (zile sumaku za kunasa sauti) za gitaa hazipendi kubebeshwa mzigo, treble ndo inaondoka kwanza. Weka IC ya kukuza sauti TL072 mwanzoni, ingizo la 1M, ikuze mara mbili, kwenye toleo lake kapasita ya 1µF kisha rezista ya 22k, halafu ndo LDR iende ethi.

solo_nkuhungu
Aisee nimetenga ethi na kuweka hiyo 100 na 100, tik imebaki kwa mbali sana, nikitumia betri haisikiki kabisa ila kwa adapta ipo kidogo. BC547 ninazo, TL072 naagiza Kariakoo iletwe na basi. Je spidi nawezaje kuilinganisha na ngoma? Wimbo wetu uko kama bpm 100 (mapigo kwa dakika).

fundi_wa_majengo
Hiyo adapta basi haichujwi vizuri, na kabla hujaiamini pima ncha kwa multimita, pedali nyingi katikati ni hasi lakini adapta za ruta nyingi katikati ni chanya, ukigeuza TL072 inakufa. Weka diodi ya 1N4001 kwa usalama. Spidi, 100 gawa kwa 60 unapata 1.67 Hz, huo ni mtetemo mmoja kwa kila pigo, ukitaka miwili ni 3.3. Ukiwa na 1k toka chanya kwenda pini ya 7, na 10k mfululizo na hiyo potenshomita, unacheza toka 0.65 mpaka karibu 7 Hz, inatosha sana kwa ilimba.