Kuvika metali kwenye tabaka nyembamba: grafini oksaidi, molibdeni au fosforasi nyeusi?

BintiMkomani (Lamu)
Asalam aleikum. Niko nyumbani likizo, natafuta mradi wa mwaka wa mwisho: kubandika misombo ya metali juu ya tabaka nyembamba. Nimepewa vitatu nichague: grafini oksaidi (tabaka za kaboni zenye oksijeni), molibdeni disalfaidi (molibdeni na salfa) na fosforasi nyeusi. Moyo uko kwa fosforasi. Mwasemaje?

MwalimuMalindi
Waaleikum salaam, mwanangu. Fosforasi nyeusi pwani hii itakutesa. Oksijeni, unyevu na mwanga vikikutana vinaila. Kila atomi yake ina jozi ya elektroni isiyofungwa, na hapo ndipo oksijeni inapoingilia. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba titani yenye ligandi (molekuli zinazoshikamana na metali) zinazovuta elektroni huichukua jozi hiyo, na tabaka likadumu. Lakini kabla hujaivisha titani, utaishika wapi bila kisanduku cha argoni, kisichoingiza hewa wala unyevu? Chuo chenu kinacho?

BintiMkomani
Hakina 😅

FundiMtangani
Samahani kuingilia. Hiyo molibdeni si ndiyo iliyomo kwenye grisi nyeusi ya joenti?

MwalimuMalindi
Ndiyo hiyo, fundi, ila yeye atataka poda tupu. Tabaka zake zinateleza kama chapati zilizopakwa samli, kwa sababu kila moja imefunikwa salfa juu na chini. Salfa hiyo ni mvivu, lakini asetati ya shaba, nikeli au zinki huishika. Kazi ya 2015 ilifanya hivyo kwa tabaka zilizochanguliwa, yaani zilizotenganishwa, ndani ya kimiminika, na molibdeni ikabaki nusu-kipitishi (hupitisha umeme kiasi tu). Njia ya zamani ya kuichangua kwa lithiamu huigeuza umbo, ikawa na tabia ya metali. Mimi ningekwenda na molibdeni, kwa njia ya kimiminika.

KisimaShela
Na grafini oksaidi yenye fedha? Nasikia inaua vijidudu. Visima vyetu huku vina chumvi.

DadaKemia
Kaka, bakteria itaua, chumvi haitaondoa. Tena chumvi yenyewe ni adui: tone la nitrati ya fedha kwenye maji ya kisima chako litageuka jeupe papo hapo, kloridi imeshainasa fedha. Kuibandika ni rahisi mno, maana kingo za grafini oksaidi zimejaa kaboksili (vikundi vya kaboni na oksijeni) zinazokamata ioni. Lakini kilichokamatwa kirahisi hubanduka kirahisi, kalsiamu ya majini ikija kugombea nafasi. Kwa mradi wa chuo inatosha. Kwa kisima, sithubutu.

BintiMkomani
Basi shaba juu ya molibdeni. Nitajuaje imeshika, si chumvi ya shaba iliyokaukia juu tu?

MwalimuMalindi
Ioshe kwa isopropanoli mpaka ile rangi ya kijani-buluu isitoke tena. Kisha ipime kwa infraredi, uweke kando asetati ya shaba tupu ilinganishwe. Mikanda ya kaboksili (mawimbi inayoyafyonza), kati ya 1400 na 1650 hivi kwa sentimita, ikiwa imehama, kuna kitu. Ikilingana sawasawa na ya asetati tupu, rudi ukaoshe.